Sikio kukauka si kupona: tuulize picha gani baada ya upasuaji

Mjadala wa afya hapa Mombasa siku hizi unazunguka mambo mawili: SHA inalipa nini, na hospitali ina mashine gani. Barazani, ndani ya feri, hata nje ya msikiti baada ya swala ya Ijumaa, watu wanazungumzia figo, saratani, sukari na gharama za kujifungua. Ni haki yao. Maradhi hayo yanaua na yanafilisi. Lakini kuna maradhi mengine yanayokaa kimya ndani ya kichwa cha mtoto wa madrasa kule Mtongwe, au cha kibarua wa Magongo, na hayaingii kwenye mjadala huu. Ni maradhi ya sikio la kati, hasa yale yanayorudi baada ya mgonjwa kupasuliwa na kuambiwa sikio limekauka.

Nayaleta hapa kwa sababu mbili. Kwanza, leo kuna njia ya kuyagundua yakiwa bado madogo, bila kumfungua mgonjwa tena, na wengi wetu hatuijui hata kwa jina. Pili, maradhi haya yanafichua kasoro kubwa ya mfumo wetu. Tunahesabu mashine, tunahesabu kadi za bima, lakini hatumhesabu mgonjwa aliyetakiwa kurudi kuangaliwa na hakurudi.

Maradhi yenyewe

Nyumbani tunasema sikio linavuja, au sikio linatoka usaha. Mtoto hupata mafua, vijidudu vikapanda kwa mrija unaounganisha koo na sikio la kati, usaha ukajaa, kiwambo cha sikio kikatoboka. Wengi hupona wenyewe au kwa dawa. Kwa wengine tundu halizibi, na sikio huvuja kwa miezi na miaka. Mwaka 2004 Shirika la Afya Duniani, WHO, lilikadiria kuwa watu kati ya milioni 65 na milioni 330 duniani wana masikio ya namna hii, wengi wao katika nchi kama zetu. Hapa Kenya, uchunguzi wa watoto wa shule uliofanywa Kiambu mwaka 1992 ulikuta kama mtoto 1 kati ya kila 100 ana sikio sugu la kuvuja.

Kwa sehemu ndogo ya wagonjwa hawa hutokea jambo baya zaidi. Ngozi ya kiwambo, au ya njia ya sikio, huvutwa au huingia ndani ya sikio la kati na kujikunja kama kifuko. Ngozi, kama tujuavyo, hujichuna kila siku. Ikiwa nje, magamba yake huanguka. Ikiwa imefungiwa ndani, magamba hayo hayana pa kwenda, hivyo hujikusanya na kifuko hukua. Madaktari hukiita kolesteatoma. Jina linatisha, lakini hii si saratani. Ni ngozi ya mtu mwenyewe iliyokaa mahali si pake. Wazee waliposema kikulacho ki nguoni mwako, hawakuwa wakizungumzia sikio, lakini wangeweza.

Kifuko hiki hula mfupa. Mara nyingi huanza na vile vifupa vitatu vya kusikia, nyundo, fuawe na kikuku, na usikivu ukaanza kupungua. Kikiachwa, huweza kufika kwenye neva ya uso, uso ukapinda upande mmoja. Huweza kutoboa sehemu inayoshika mizani ya mwili, mtu akashikwa na kizunguzungu. Na juu ya sikio la kati kuna paa jembamba la mfupa linalolitenga na ubongo. Paa hilo likiliwa, mgonjwa yumo katika hatari ya jipu la ubongo au maambukizi ya utando wa ubongo. Watu hufa kwa jambo lililoanza kama harufu mbaya ya sikio.

Ni wangapi? Huko Ufini, ambako kumbukumbu za hospitali hutunzwa vizuri, watafiti walikuta kama wagonjwa wapya 9 wa kolesteatoma kwa kila watu 100,000 kwa mwaka. Sensa ya 2019 ilihesabu watu 1,208,333 katika kaunti ya Mombasa. Tukichukua kima cha Ufini tu, tunapata wagonjwa wapya zaidi ya 100 kila mwaka. Hiyo ni hesabu ya kutupa makadirio, wala si takwimu ya Mombasa. Lakini inatosha kutuonyesha kwamba hatuzungumzii maradhi ya mtu mmoja wawili.

Kwa nini hurudi

Dawa ya matone hukausha usaha, lakini haiondoi kifuko. Dawa ya kolesteatoma ni upasuaji. Daktari wa masikio hufungua mfupa wa nyuma ya sikio na kuisafisha ngozi yote iliyoingia. Tatizo ni kwamba sikio la kati ni chumba kidogo chenye pembe, mashimo na vichochoro. Ikibaki chembe ya ngozi ndogo kuliko punje ya mchele, chembe hiyo hukua tena. Huo ni ugonjwa uliobakia. Aina ya pili ni ugonjwa uliorudi, ambapo kila kitu kilisafishwa lakini kiwambo kipya kikavutwa ndani tena, kifuko kikajiunda upya. Kwa watoto hatari ya yote mawili ni kubwa zaidi kuliko kwa watu wazima.

Njia ya upasuaji nayo ina uzito wake. Kuna ile ya kuuondoa ukuta wa nyuma wa njia ya sikio, ili sikio na mfupa uliochimbwa viwe shimo moja la wazi. Daktari huweza kulichungulia shimo hilo kila mgonjwa akija, na ugonjwa ukirudi huonekana mapema. Bei yake ni kwamba mgonjwa atahitaji kusafishwa sikio maisha yake yote, na maji huwa adui yake. Njia ya pili ni kuuacha ukuta ule. Sikio hubaki karibu na umbile lake, na mtu huweza kuishi kama wenzake. Lakini nyuma ya ukuta kuna kiza. Daktari haoni tena yaliyomo. Viwango vya kurudi kwa ugonjwa vinavyotajwa na madaktari hutofautiana sana, kutoka kama mgonjwa 1 kati ya 10 hadi 1 kati ya 3 au zaidi, na vile vya juu ni vya njia hii ya kuuacha ukuta.

Kwa hivyo, kwa miaka mingi, desturi ilikuwa moja. Mgonjwa aliyeachiwa ukuta wake alirudishwa chumba cha upasuaji baada ya miezi 9 hadi 12 au zaidi kidogo, akapigwa nusu kaputi na kufunguliwa tena, ili tu daktari atazame kama kuna kitu. Wengi walifunguliwa na kukutwa hawana chochote. Fikiria gharama hiyo kwa familia ya Shika Adabu ambayo bado inalipa deni la upasuaji wa kwanza. Mara nyingi mgonjwa harudi. Sikio limekauka, halina harufu, mtoto anacheza. Kwa nini akatwe tena?

Hapo ndipo penye hatari. Kolesteatoma iliyobaki nyuma ya kiwambo kizima haina usaha, haina maumivu, haina harufu. Kimya kingi kina mshindo mkubwa, na mshindo wa huyu huja baada ya miaka.

CT haijibu swali hili

Wengi wetu tukisikia kupigwa picha ya kichwa, tunafikiria CT. Ni mashine nzuri, na kabla ya upasuaji wa kwanza ndiyo yenye faida kubwa, kwa sababu huonyesha mfupa kwa undani. Daktari huona wapi pameliwa, neva ya uso inapita wapi, paa la ubongo liko salama au limetoboka.

Lakini baada ya upasuaji swali hubadilika. Sasa tunataka kujua ile nyama laini iliyo ndani ya shimo ni nini. Huweza kuwa kovu. Huweza kuwa maji, au uvimbe wa kawaida wa jeraha. Huweza kuwa kolesteatoma. Katika CT vitu hivi vyote huonekana rangi moja ya kijivu. CT ikionyesha shimo lina hewa tupu, hiyo ni habari njema. Ikionyesha kijivu, na baada ya upasuaji mara nyingi huonyesha kijivu, mgonjwa amelipa pesa, amepata mionzi, na swali liko palepale.

Jibu limetoka kwa MRI, tena kwa aina moja maalum ya picha ya MRI. MRI haitumii mionzi. Hutumia sumaku kubwa na mawimbi ya redio kusoma maji yaliyomo mwilini. Kuna picha inayopima jinsi chembe za maji zinavyotembea ndani ya kitu. Madaktari huiita picha ya difyusheni, kwa kifupi DWI. Katika kovu au maji ya kawaida, chembe hutembea kwa wepesi. Katika kolesteatoma, iliyoshindiliwa magamba ya ngozi, chembe hubanwa. Penye kubanwa, picha hung'aa kama taa katika giza. Hakuna haja ya kuchomwa sindano ya dawa ya rangi.

Hata hivyo DWI si moja. Ya zamani, inayotumiwa sana kwa wagonjwa wa kiharusi, hufuata njia ya haraka inayoitwa EPI. Kwa ubongo inafaa sana. Kwa sikio ina kasoro, kwa sababu palipokutana hewa na mfupa picha hupinda na kuvurugika, na kifuko kilicho chini ya milimita 5 hupotea humo. Mwaka 2006 Bert De Foer na wenzake wa Ubelgiji walionyesha kuwa DWI isiyo ya EPI huweza kuona kolesteatoma ndogo ya milimita 2. Tangu hapo tafiti nyingi zimekusanywa pamoja, na matokeo yake yanakaribiana: kati ya wagonjwa 100 wenye kolesteatoma kweli, picha hii huwakamata karibu 90.

Jambo la kufurahisha ni kuwa hii haihitaji mashine mpya ya ajabu. MRI ya kawaida ya tesla 1.5 inatosha. Kinachohitajika ni programu ya picha hiyo iwemo ndani ya mashine, na mtaalamu anayejua kuitumia. Siemens huita programu zake HASTE au BLADE, GE huita PROPELLER. Picha yenyewe huchukua dakika chache tu ndani ya uchunguzi mzima. Kwa maneno mengine, mgonjwa huweza kulala ndani ya mashine ya mamilioni ya shilingi na akatoka na picha isiyomfaa, kwa sababu fomu ya daktari iliandikwa tu "MRI ya kichwa".

Mipaka yake

Nisije nikaonekana nauza mashine, picha hii nayo hukosea. Kifuko cha chini ya milimita 2 au 3 huweza kuponyoka. Kifuko kilichokwisha kumwaga magamba yake, au kilichosafishwa kliniki siku chache kabla, huweza kisionekane. Mtoto akitikisika, picha huharibika, na kwa mtoto mdogo sana huenda ikalazimu alazwe kwa dawa. Upande wa pili, si kila king'aacho ni kolesteatoma. Nta ya sikio hung'aa. Jipu hung'aa. Gegedu na vumbi la mfupa vilivyotumiwa kujengea upya sikio pia huweza kudanganya. Ndiyo maana sikio husafishwa nta kabla ya picha, na ndiyo maana msomaji wa picha anapaswa kupewa maelezo ya upasuaji: ulifanywa lini, kwa njia ipi, na kiliwekwa nini ndani.

Wakati nao ni muhimu. Vituo vingi vya Ulaya hupiga picha ya kwanza karibu mwaka mmoja baada ya upasuaji, kisha huirudia baada ya miaka kadhaa, mara nyingi hadi kufika mwaka wa tano. Picha moja safi si cheti cha maisha, kwa sababu kifuko kilichokuwa kidogo mno mwaka wa kwanza huonekana mwaka wa tatu. Na hakuna picha inayochukua nafasi ya daktari kulitazama sikio kwa hadubini. Vinakwenda pamoja.

Ng'ambo ya maji

Sasa tuje kwetu. Sensa ile ya 2019 ilihesabu watu 250,358 Likoni, 291,930 Kisauni na 131,882 Changamwe. Mvita, yaani kisiwani, walihesabiwa 154,171. Zaidi ya wakazi 8 kati ya 10 wa kaunti hii wanaishi nje ya kisiwa. Lakini hospitali kuu ya rufaa, Coast General, iko kisiwani, na hospitali kubwa za binafsi kama Aga Khan, Pandya na Mombasa Hospital ziko kisiwani vilevile. Hospitali ya Likoni na ile ya Port Reitz hufanya kazi kubwa, lakini mgonjwa wa sikio la kupasuliwa atapewa barua ya rufaa avuke.

Kuvuka mara moja watu huvuka. Mtu mgonjwa, mwenye maumivu, atapanda feri ya alfajiri Likoni, au matatu ya kutoka Mlaleo kupita daraja la Nyali, na atakaa foleni mpaka adhuhuri. Swali ni nani atavuka mara ya tano, mwaka wa tatu, akiwa hana maumivu yoyote? Kibarua wa Chaani akikosa siku moja ya kazi amekosa chakula cha siku hiyo. Mama wa Timbwani anayeuza mahamri asubuhi hawezi kuacha biashara kumpeleka mtoto ambaye, kwa macho yake, amepona. Wala hakuna anayempigia simu kumwuliza mbona hukuja. Faili lake limelala kabatini, na namba yake ya simu huenda imeshabadilika mara mbili.

Ndiyo maana nasema tatizo letu si mashine peke yake. Tunayo historia ya kutufundisha. Mwaka 2015 serikali kuu ilianza mpango wa kukodisha mashine za hospitali, hospitali mbili katika kila kaunti zikiwemo, kwa mabilioni ya shilingi. Mwaka 2020 kamati maalum ya Seneti, iliyoongozwa na Seneta Fatuma Dullo, ilichunguza mpango huo, na moja ya malalamiko makubwa ni mashine zilizokaa bila kutumika sehemu nyingine kwa kukosa umeme, vyumba au wataalamu. Mashine ilifika, na huduma haikufika.

Tukienda vivyo hivyo kwenye jambo hili, tutashangilia MRI ikikatiwa utepe, na mtoto wa Mtongwe hatapigwa picha inayomfaa, kwa sababu hakuna aliyeuliza kama programu imo, hakuna aliyeandika fomu vizuri, na hakuna aliyemkumbusha arudi.

Upande wa malipo, tangu tarehe 1 Oktoba 2024 SHA imechukua nafasi ya NHIF. Mwenye mshahara hukatwa asilimia 2.75, na kima cha chini ni shilingi 300 kwa mwezi, ambapo asiye na ajira rasmi hutakiwa kutoa ya mwaka mzima kwa pamoja. Picha za MRI na CT zimo katika huduma za bima hiyo kwa viwango vilivyowekwa. Lakini kwa mgonjwa wa sikio bima hii ina mtego wake. Anayelipia mwaka wa upasuaji na kuacha mwaka unaofuata atakuwa hana bima siku ile hasa anayotakiwa kupiga picha. Mfumo unaolipia kisu na kumwacha mgonjwa wakati wa ukaguzi umelipa nusu ya tiba, na nusu hiyo huenda ikapotea yote.

"Hata panadol hakuna"

Najua jibu la wengi, na si jibu la kupuuzwa. Watasema zahanati zetu zinakosa hata glovu na panadol, na wewe unatuletea habari za programu za MRI za Ubelgiji. Watasema pia kuwa kabla ya kolesteatoma kuna maelfu ya masikio yanayovuja ambayo hayajawahi kutazamwa na mtu yeyote mwenye taa.

Hoja ya pili naikubali kabisa, na nitaianza hiyo. Utafiti mwingine uliofanyika Kiambu, uliochapishwa 1996, ulionyesha kuwa kukausha sikio kwa pamba peke yake hakukuwa na faida zaidi ya kuacha bila tiba. Watoto waliokaushwa sikio na pia kupewa matone na dawa za kuua vijidudu, karibu nusu yao masikio yaliacha kuvuja, ilhali kwa wengine ilikuwa kama mmoja kati ya watano. Kazi hiyo huweza kufanyika Mlaleo, Mtongwe au Mikindani bila mashine yoyote. Wahamasishaji wa afya ya jamii, wale zaidi ya 100,000 waliozinduliwa nchi nzima Septemba 2023, wanaingia nyumba kwa nyumba. Wakifundishwa kuuliza swali moja tu, je, kuna mtoto ambaye sikio lake linavuja zaidi ya wiki mbili, tutawapata wengi kabla mfupa haujaliwa.

Lakini hoja ya kwanza inachanganya mambo. Hakuna anayetaka kila sikio la usaha lipigwe MRI. Picha hii ni ya kikundi kidogo cha waliokwisha kupasuliwa kolesteatoma, hasa walioachiwa ukuta wa sikio. Kwao picha moja huweza kuepusha upasuaji mzima wa pili, ambao ni kitanda, nusu kaputi, muda wa daktari na siku za kazi zilizopotea. Nchi zenye pesa nyingi zilianza kuutumia utaratibu huu ili kupunguza upasuaji usio na lazima. Sisi wenye madaktari wachache wa masikio tuna sababu kubwa zaidi ya kufanya hivyo, kwa kuwa kila saa ya chumba cha upasuaji inayookolewa ni ya mgonjwa mwingine.

Na pale ambapo picha haipatikani, au daktari anajua mgonjwa wake hatarudi, ni busara, wala si ushamba, kuchagua njia ya kuondoa ukuta. Shimo lililo wazi huchunguliwa kwa taa. Afadhali hilo kuliko sikio zuri la kuficha maradhi. La muhimu ni mgonjwa aelezwe mapema, achague naye, si akutwe na uamuzi kitandani.

Kinachoweza kufanyika

Kaunti inaweza kuanza na daftari. Kila aliyepasuliwa kolesteatoma aandikwe jina, namba mbili za simu, njia ya upasuaji na tarehe ya kurudi. Mwaka ukikaribia, apigiwe simu. Daftari halihitaji zabuni wala mkopo. Pili, Coast General na madaktari wa masikio wakubaliane na kituo kimoja chenye MRI, cha umma au cha binafsi, ambacho picha ya DWI isiyo ya EPI ipo na inasomwa na mtu aliyeizoea, na wagonjwa wote wa aina hii wapelekwe huko kwa fomu moja iliyoandikwa kwa ukamilifu. Tatu, siku ya kliniki ya masikio isogezwe ng'ambo walau mara moja kwa miezi kadhaa, Likoni na Port Reitz, ili kulitazama sikio kusiwe sababu ya kuvuka. Na SHA, wanapoidhinisha upasuaji huu, waidhinishe papo hapo na ukaguzi wake.

Sisi wagonjwa na wazazi nasi tuna wajibu wetu. Kabla ya kutoka hospitali, tuombe karatasi inayoeleza upasuaji uliofanyika, na tuitunze pamoja na cheti cha kuzaliwa. Tuulize maswali matatu: ukuta wa sikio umeachwa au umeondolewa, nirudi lini, na nikija picha itakuwa ya aina gani. Tukitumwa MRI, tuulize kama ni DWI isiyo ya EPI. Si utovu wa adabu kumwuliza daktari. Wengi wao hufurahi kuulizwa. Mwenye chuma mwilini, kifaa cha moyo au kifaa cha kusikia kilichopandikizwa, lazima aseme kabla ya kuingia kwenye sumaku.

Tuache pia kumimina vitu masikioni. Mafuta ya vitunguu thomu, maziwa ya mama na maji ya majani yametiwa katika masikio ya watoto wetu kwa nia njema, lakini sikio lililotoboka ni mlango ulio wazi wa kuingia ndani. Kuogelea Shelly Beach na kupiga mbizi kusubiri ruhusa ya daktari. Kuhusu ibada, katika udhu masikio hupanguswa, hayamiminiwi maji, na kwa josho pamba iliyopakwa vaselini huzuia maji kuingia ikiwa daktari ameona inafaa. Mwenye shaka amwulize sheikh wake pamoja na daktari wake. Mlango wa wepesi kwa mgonjwa uko wazi katika dini yetu.

Na kuna dalili ambazo hazingoji miadi wala picha ya mwaka: uso kupinda, kizunguzungu kikali, uvimbe nyuma ya sikio, au homa yenye kichwa kuuma sana, kutapika na shingo kukakamaa kwa mtu mwenye sikio bovu. Huyo apelekwe hospitali siku hiyo hiyo, hata kama ni usiku.

Aliyefanyiwa upasuaji wa sikio mwaka jana, au mwaka wa juzi, na hajarudi kwa sababu limekauka, naomba wiki hii atafute karatasi yake. Akiipata, atazame tarehe aliyoambiwa arudi. Ikiwa imepita, avuke.